Tulivyojenga Programu ya Kufuatilia Kompyuta za Shule, Tanga

Tulikuwa wanafunzi wanne wa chuo tunaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Shule moja ya sekondari upande wa Ngamiani ilikuwa na chumba chenye kompyuta ishirini za mezani, zote za kupewa, zote zinatumia Linux, mfumo endeshi wa bure. Mwalimu anayesimamia chumba hicho hufundisha pia hisabati, na fundi hana. Kompyuta ikizimika katikati ya kipindi, anachokijua ni kwamba imezimika.

Programu za kazi hii zipo, tena nzuri. Nagios ipo tangu 1999, na Prometheus ilianzia kwenye kampuni ya muziki wa mtandaoni ya SoundCloud mwaka 2012. Tulizijaribu na nimejifunza mengi kwazo. Ila zinamtaka mtu wa kukaa mbele ya skrini asome grafu, na mwalimu wetu kutwa yuko mbele ya ubao. Tukaamua kutengeneza ya kwetu. Kabla hatujaandika mstari hata mmoja wa programu, tulimfuata tukamuuliza: ungependa uambiwe nini, na ukishaambiwa utafanya nini?

"Wanangu," akasema, "nambieni ipi inaumwa na mimi nifanye nini. Namba nyingine zote kaeni nazo nyie."

Jibu hilo liliongoza kila uamuzi uliofuata, na naamini ndilo lililofanya programu itumike hadi leo.

Kupima kwenyewe si kugumu, maana Linux huweka hesabu zake wazi kwenye saraka (folda) ya /proc. Matumizi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yamo kwenye /proc/stat, lakini vihesabio vyake hujumlisha tangu kompyuta ilipowashwa. Ukisoma mara moja unapata wastani wa tangu asubuhi, haukwambii lolote kuhusu sasa hivi. Kwa hiyo unasoma, unasubiri sekunde kadhaa, unasoma tena, unatoa ya kwanza kwenye ya pili. Hapo ndipo unajua prosesa imefanya kazi kiasi gani katika muda huo. Kwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi, mstari wa MemFree huonyesha kiasi kidogo karibu wakati wote, kwa sababu Linux hutumia nafasi iliyobaki kutunza faili zilizosomwa karibuni, kisha huiachia programu inayoihitaji. Tukafuata MemAvailable, iliyoongezwa kwenye toleo la 3.14 la keneli (kiini cha Linux) mwaka 2014, ambayo hukadiria kiasi ambacho programu mpya inaweza kupata kweli. Tungefuata MemFree, kompyuta nzima nzima zingepiga kelele kutwa.

Kipimo kilichotufaa kuliko vyote ni joto. Linux hulitoa kwa sehemu za elfu za nyuzi, yaani 58000 ni nyuzi 58 za Selsiasi. Tanga wakati wa kaskazi hewa ni nzito na ina unyevu, madirisha hufunguliwa, vumbi linaingia na kuganda kwenye feni. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wanafunzi walikuwa wakisema kompyuta ina virusi. Grafu ya joto na kasi, zikiwekwa pamoja, zilionyesha kwamba inahitaji brashi tu.

Tahadhari tulizipa masharti magumu. Joto lifike nyuzi 85 na lidumu dakika tano ndipo ujumbe utoke, na tahadhari haifutwi mpaka lishuke chini ya 75. Bila ule mwanya, kompyuta inayopanda na kushuka palepale kwenye 85 ingetuma ujumbe baada ya ujumbe, na mtu akishazoea kupuuza ujumbe mmoja hupuuza yote. Ujumbe unakwenda kwenye simu ya mwalimu kupitia modemu ya USB yenye laini ya kawaida: "Namba 7 ina joto kali. Izime, safisha feni." Hauna asilimia, wala jina la kihisio.

Tulikobishana sana ni kwenye ukimya. Kompyuta isiyotuma taarifa imekufa, imezimwa, au umeme umekatika? Mwenzetu mmoja wa Muheza ndiye aliyelimaliza: kila kompyuta ikizimwa kwa utaratibu, itume kwanza ujumbe wa kuaga. Iliyoaga haitafutwi. Iliyonyamaza bila kuaga, inatajwa. Na zikinyamaza zote kwa pamoja, mwalimu anapata ujumbe mmoja tu wa kuangalia umeme na swichi ya mtandao, badala ya jumbe ishirini. Seva inayopokea taarifa, ambayo ni kompyuta ndogo iliyo pembeni, inakaa kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba, ili iwe macho wenzake wanapozimika.

Kukatika kwa umeme kulileta jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu tulivyosoma. Kompyuta kuukuu zina betri ndogo ya saa kwenye ubao mama, na ikiisha nguvu, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka. Kwa kuwa shule haina intaneti ya kurekebisha saa, taarifa za leo zingeandikwa tarehe za zamani. Tukaamua saa ya kompyuta inayotuma isihesabiwe kabisa: seva ndiyo inapiga muhuri wa muda taarifa inapofika. Tofauti ya saa hizo mbili nayo ikageuka kipimo, kwani inapokuwa kubwa mwalimu anaambiwa anunue betri ya CR2032.

Taarifa tunaziweka kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja. Kila kompyuta hutuma kila sekunde 10, hivyo ishirini huleta mistari 7,200 kwa saa. Za siku moja hubaki zilivyo, za zamani hugeuzwa wastani wa saa nzima ili diski isijae. Hapa hatukubuni kitu, ni njia ya kawaida.

Sasa tunaongeza usomaji wa SMART, taarifa ambazo diski hujitolea yenyewe. Tunaanza na kipimo namba 5, kinachohesabu sekta mbovu zilizohamishiwa kwenye akiba. Kikianza kupanda, ujumbe aliouchagua mwalimu mwenyewe ni huu: "Namba 12, diski inachoka. Nakili kazi za wanafunzi leo."