Dhamana iko Mwanza, gari liko Tabora

Kasoro ilijitokeza kwa mara ya kwanza gari likiwa na kilomita 6,400, nikitoka Sikonge kurudi Tabora mjini na ndoo ishirini za asali nyuma. Nilikuwa nimekokota kwa muda mrefu nyuma ya lori la tumbaku, na liliponipisha nikakanyaga mafuta ili nilipite. Injini ikapandisha sauti, mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 2,000 hadi karibu 3,500, lakini gari halikuvuta. Lilikaa hivyo kwa muda wa mtu kutamka bismillahi, kisha gia ya tatu ikaingia kwa kishindo ambacho hata ndoo zilikisikia. Taa ya njano ya injini ikawaka. Baada ya siku chache za kuwasha na kuzima gari, ikazimika yenyewe, nami, kwa ujinga niliokuja kuujutia, nikajiambia kwamba tatizo limekwisha.

Kwa miaka mingi nimeendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani, na kila moja nililipokea na maradhi yake nikayazoea. Hili nililinunua jipya, pikapu ya milango minne ya otomatiki, kwa sababu moja tu: dhamana, au waranti kama wengi tunavyosema, ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Jambo ambalo sikulipima vizuri wakati wa kutia sahihi ni kwamba gereji ya muuzaji iliyo karibu nami ipo Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Nzega na Shinyanga, na dhamana haitoki humo kumfuata mteja.

Kasoro iliporudi mara ya tatu nilimpelekea fundi wangu wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, ambaye amenitengenezea magari tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Alilala chini ya gari na tochi mdomoni, akakaa humo kwa muda, kisha akatoka akijipangusa vumbi. «Mzee wangu, hili sigusi,» aliniambia. Akaniita niiname, akanionyesha boliti za sampu ya giaboksi, yaani bakuli la oili lililo chini yake, kila moja ina mstari mwembamba wa rangi uliopita juu ya kichwa chake na kugusa chuma kilicho pembeni. Boliti ikizungushwa hata robo, mstari unakatika, na yeyote atakayeangalia baadaye atajua kwamba giaboksi imefunguliwa. Hata kijiti cha kupimia oili hakipo, kama ilivyo kwenye magari mengi ya siku hizi. Hakunitoza hata shilingi, na ushauri huo wa bure ndio uliookoa shauri langu lote, kwa sababu rafiki zangu wawili walikuwa wamekwisha kunishawishi nifungue nimwage oili niweke mpya.

Alinieleza pia kinachotokea ndani. Katika giaboksi ya otomatiki, gia hubadilishwa na shinikizo la oili: klachi moja huachia na nyingine hushika katika kipindi kifupi mno, na oili inayozisukuma hupitia kwenye kitu kinachoitwa bodi ya vali, bamba la chuma lenye njia nyingi nyembamba mithili ya kichuguu kilichopasuliwa, ambazo kompyuta huzifungua na kuzifunga. Ikiwa vali moja imelegea, oili ya baridi, kwa kuwa ni nzito, haipenyi, na gari linakwenda vizuri. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja pembeni mwa vali, shinikizo linachelewa, na kwa kitambo hicho injini inazunguka bila kushikwa na klachi yoyote. Maelezo haya yalinifungua macho kuhusu jambo lililokuwa linanitatiza, yaani kwa nini gari lilisumbua baada ya saa nzima ya mwendo na mzigo, lakini asubuhi lilikuwa tulivu kama punda aliyeshiba.

Safari ya kwanza ya Mwanza ilikuwa hasara tupu. Nililala huko, nikalipeleka gari asubuhi likiwa limepoa, kijana akalizungusha mtaani kwa dakika kumi, akarudi na kuniambia kwamba hakuna kasoro. Gari lilikuwa limepona kama mtoto anavyopona akifikishwa mlango wa zahanati. Niliondoka bila karatasi yoyote, na kwa kumbukumbu za gereji ile ni kana kwamba sikufika. Mara ya pili, nilipopeleka gari kwa servisi ya kilomita 10,000, niliambiwa kwamba giaboksi «bado inajifunza mwendo wako». Kauli hiyo si ya uongo kabisa, maana kompyuta ya giaboksi hurekebisha ubadilishaji wa gia kulingana na uendeshaji. Walifuta kumbukumbu zake, wakaweka programu mpya, na kwa siku tisa nilikuwa mtu mwenye furaha. Safari hii nilidai kadi ya kazi iliyoandikwa lalamiko langu kwa maneno yangu mwenyewe, nikaipata baada ya kubishana kidogo mapokezini.

Siku ya kumi kishindo kilirudi. Nikanunua kauntabuku na kuanza kuandika: tarehe, kilomita, muda niliokwisha kuendesha, mwendo, uzito wa mzigo, gia iliyokuwa inaingia. Nikanunua pia kile kidude cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa kwenye tundu lenye pini 16 chini ya usukani na kuonyesha matokeo kwenye simu. Hakifungui boliti wala kukata waya, kinasoma tu. Kilinipa namba mbili: P0700, inayosema kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, na P0733, inayosema kwamba uwiano wa gia ya tatu si sahihi. Kila zilipotokea nilipiga picha skrini ya simu pamoja na dashibodi ili kilomita zionekane. Mke wangu alisema kwamba hata yeye sijawahi kumwandikia kurasa nyingi namna hiyo. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa na matukio kumi na manne, na kumi na matatu kati ya hayo yalitokea baada ya dakika hamsini za mwendo, gari likiwa kati ya kilomita 35 na 45 kwa saa.

Safari ya tatu sikulala Mwanza. Niliondoka Tabora alfajiri na mzigo wangu, nikaingia getini gari likiwa la moto, nikakataa kuzima injini, nikamwomba mkuu wa mafundi apande aendeshe yeye. Nakiri kwamba haikuwa adabu ya kawaida, na mlinzi alinitazama kwa mashaka. Tulielekea Usagara, tukageuza, na katika mteremko mdogo nyuma ya daladala gia ikateleza, kisha ikagonga. Yule bwana hakusema neno. Alisubiri kama dakika mbili, akapunguza tena mwendo, akakanyaga, ikagonga tena. «Sawa, mzee,» akasema, na tuliporudi aliandika mwenyewe kwenye kadi ya kazi kwamba amethibitisha kasoro.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mabishano. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na mtu wa ofisini akidai kwamba oili imeonekana kuungua na kwamba huenda nilizidisha mzigo, jambo ambalo haliingii kwenye dhamana. Hapa asali ilinisaidia. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28, na ndoo ishirini ni kilo 560, tena risiti zangu zote za manunuzi zimeandikwa kwa kilo. Kibandiko cha mlangoni kinaruhusu zaidi ya kilo 900. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha risiti, nakala za daftari, picha, kadi za kazi na kurasa za servisi zenye mihuri, nikakumbusha kwamba Sheria ya Mauziano ya Bidhaa humtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa, na kwamba nakala ningeipeleka Tume ya Ushindani. Mpwa wangu aliyeko Mwanza aliipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.

Marekani wenzetu wamelitungia jambo hili sheria mahususi, ya kwanza ikiwa ya jimbo la Connecticut mwaka 1982, na gari jipya lisilotengenezeka wanaliita limau. Huko mteja akirudisha gari kwa kasoro ileile mara kadhaa bila kupona, anaweza kudai jingine au fedha zake. Sisi hatuna limau, ila nimeona kwamba hata huko kinachohesabiwa ni safari zilizoandikwa, na kwa hesabu hiyo ile safari yangu ya kwanza isingehesabika.

Jibu lilikuja baada ya siku sita: bodi ya vali itabadilishwa pamoja na oili na chujio, kwa gharama yao. Kipuri kilichukua wiki tano, na asali yangu muda huo ilisafiri kwa basi. Kabla ya kulichukua gari nilisoma kadi ya kazi neno kwa neno, nikaomba waongeze namba ya kipuri kipya na tarehe ya kuanza kwa dhamana yake. Walipoandika, nikatia sahihi.

Nilirudi na daftari kwenye kiti cha abiria. Baada ya Shinyanga nilipata lori la pamba, nikalifuata polepole kwa makusudi mpaka madereva wa nyuma wakaanza kunipigia honi, kisha nikakanyaga. Nzega niliegesha mbele ya kibanda cha chai, nikafungua ukurasa mpya na kuandika: kilomita 13,874, saa tatu na nusu za mwendo, gia ya tatu, kimya.