GPS kwenye pikipiki ukiwa ugenini: kazi yote iko kwenye waya

Wenzangu mnaoendesha pikipiki ughaibuni, swali linalorudi kila mara ni hili: ninunue GPS ya aina gani? Mimi huuliza kwanza: umeme utautoa wapi, na utapita wapi mpaka ufike usukanini? Wengi hukereka. Lakini mgeni hana ramani kichwani. Hajui makutano yajayo yanaelekea wapi, na kioo kikizimika ukiwa leni ya katikati, malori kulia na kushoto, hakuna pa kusimama kuuliza. Mara nyingi kioo hicho huzimwa na waya uliolegea. Ramani haina kosa.

Huko juu hakuna shida. Satelaiti za GPS zinazunguka kiasi cha kilomita 20,200 kutoka ardhini, kifaa kikizipata 4 kinajua kilipo, na vingi vya siku hizi vinapokea pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Pikipiki haina paa la kuzuia mawimbi. Shida iko kati ya betri na usukani, umbali usiofika mita mbili.

Je, simu haitoshi? Inatosha kwa safari fupi, siku kavu. Ila mwaka 2021 Apple wenyewe walitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera ya iPhone, hasa sehemu zinazotuliza picha na kulenga. Mvua ikinyesha, matone yanabonyeza kioo kwa niaba yako, na glavu nene za baridi hazibonyezi kitu. Tena betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. GPS ya pikipiki imeundwa kwa maji, glavu na jua kali, kwa hiyo mimi niko upande wake, hata ikiwa ya mtumba. Simu ikae mfuko wa ndani wa jaketi. Ukianguka mahali usipomjua mtu, simu ya kuombea msaada uwe nayo mwilini, isiwe imerukia mtaroni pamoja na usukani.

Kwenye kushikiza sitakaa sana. Pima unene wa usukani kabla ya kununua kibano: nyingi ni milimita 22, nyingine 25.4, na zile nene za katikati hufika 28.6. Mfumo ninaoupenda ni wa mpira mgumu wa inchi 1 unaobanwa na mkono wenye vikombe viwili, kwa sababu unazungushika upande wowote na mpira unapunguza mtikisiko. Vishikio vingi vya GPS vina matundu 4 ya kipimo cha AMPS, milimita 30 kwa 38, kwa hiyo kibano cha kampuni moja kinakubali kifaa cha nyingine. Kiweke juu ya dashibodi, karibu na macho yanapotazama barabara, bila kufunika taa za tahadhari. Kukiweka juu ya tangi ni kujitafutia balaa, maana kila ukisoma unainamisha shingo. Tia tone la gundi ya nyuzi za skrubu kwenye bolti za chuma, lakini isiguse plastiki. Baadhi ya plastiki hupasuka kwa gundi hiyo.

Sasa umeme. Betri ya pikipiki ni volti 12, na injini ikiwaka inasoma karibu 14. GPS na simu zinataka volti 5. Baadhi ya GPS za pikipiki zina kishikio kinachopokea volti 12 moja kwa moja. Nyingine zinahitaji kibadilishaji cha kushusha volti 12 hadi 5. Kama ni kibadilishaji, kipeleke mbele karibu na usukani, usikiache chini ya siti. Ukipoteza nusu volti njiani katika 12, hakuna anayejua. Ukiipoteza nusu hiyo katika 5, kifaa kinaanza kulalamika kwamba chaji haitoshi.

Mzigo wenyewe ni mdogo. Volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, yaani chini ya ampea 1 upande wa betri, hivyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ikae jirani kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Waya ule ukichubuka na kugusa fremu, unaungua wenyewe na vilivyo jirani.

Kuunganisha moja kwa moja kwenye betri ni rahisi, na ndiko kunakotuumiza sisi tunaofunika pikipiki majira ya baridi au tunaporudi nyumbani likizo ndefu. Chukua kibadilishaji kinachonyonya miliampea 20 hata kikiwa hakichaji kitu. Kwa siku ni karibu nusu ampea-saa. Betri ndogo ya ampea-saa 10 inakuwa imekauka ndani ya wiki tatu. Unatua uwanja wa ndege, unafika, unageuza ufunguo, kimya.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme. Pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye GPS, 85 inakwenda kwenye hasi, na 86 inachukua ishara kutoka waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kwa mfano ule wa taa ya nyuma. Ukigeuza ufunguo unasikia "ta!" chini ya siti, kioo kinawaka. Ukizima, hakuna kinachonyonya. Lakini pikipiki zenye mtandao wa CAN, ambapo kompyuta inakagua umeme wa kila taa, usizichokoe nyaya zake. Inaweza kukuandikia hitilafu isiyokuwepo. Tumia soketi ya ziada aliyoiweka mtengenezaji.

Kwenye maungio ndipo fundi anapojulikana. Vua ganda milimita 5 au 6, pindisha nyuzi za shaba pamoja, pitisha kwanza mrija wa kusinyaa kwa moto (ukiukumbuka baadaye umechelewa), chomeka kichwa cha waya, bana kwa koleo lake maalumu, kisha vuta kwa nguvu. Ukichomoka, afadhali umechomokea gereji. Najua wengi wanasifu lehemu. Kwenye redio ya mezani, sawa. Kwenye pikipiki lehemu iliyoyeyuka inapanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na mtikisiko unaukata palepale ugumu unapoishia. Na vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuuvua ganda, mimi sivitaki kabisa: vinakata nyuzi na kukaribisha maji.

Fungua hasi ya betri kwanza, na uirudishe mwisho. Pitisha waya sambamba na fungu la nyaya za kiwandani chini ya tangi, mbali na injini na ekzozi, na kabla haujafika kwenye kifaa uache ushuke kidogo kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke chini badala ya kuingia kwenye plagi. Shingoni pa usukani uachie ulegevu. Washa injini, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, macho yako kwenye alama ya chaji. Ikipepesa, waya unavutwa mahali.

Ushauri mmoja kwa wanaohamahama, maana wengi wetu mkataba ukiisha tunauza kila kitu: weka plagi ya SAE, ile ya pini mbili, kati ya betri na mfumo wote. Siku ya kuuza unachomoa, unaondoka na vyako, na baridi ikiingia plagi hiyohiyo inapokea chaja ya ukutani. Upande unaotoka betri, pini iliyofunikwa plastiki iwe chanya na iliyo wazi iwe hasi. Watengenezaji wengine huzigeuza, basi gusa kwa multimita (kipima volti) kabla ya kuunganisha.