Hela Moja Chini ya Mtarakwa

Juni 2008 nilikuwa kidato cha tatu, na likizo ile niliimalizia Shume, kwa babu mzaa mama. Juni kule juu Usambara ni mwezi wa kukaa jikoni. Ukungu unaingia mpaka ndani, na nguo ukiianika Jumatatu unaianua Alhamisi.

Siku ya tatu mjomba akashuka kwenye basi la kutoka Lushoto na begi refu jeusi. Alilipakata njia nzima, hakukubali konda alipandishe kwenye keria. Ndani mlikuwa na mashine ya kutafutia dhahabu, ditekta, aliyoiazima kwa siku kumi kutoka Chunya, alikokuwa amechimba miaka minne. Ilirudi Chunya bila kugusa hata punje ya dhahabu, lakini si hilo ninalotaka kulisimulia.

Mjomba alikuja kutafuta mali ya Mjerumani. Aliyekulia Usambara anazijua hizo habari: kwamba Waingereza walipokaribia mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walifukia masanduku ya dhahabu na rupia, pesa ya enzi zao, wakaacha alama kwenye mawe na miti ili warudi siku moja. Kwa ajili ya maneno hayo nimeona misingi ya nyumba za kale imebomolewa, na kaburi limefukuliwa usiku na kuachwa wazi. Inaniuma mpaka leo.

Mjomba alikuwa na karatasi ya fotokopi yenye picha ya sarafu ya dhahabu ya rupia 15, tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima Kilimanjaro. Sarafu hiyo ni ya kweli. Ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati meli hazipiti kwa vita na pesa kutoka Ujerumani haziji. Ila Tabora iko reli ya kati, mbali sana na kwetu, na katikati ya mwaka huohuo Usambara ilikuwa inaingia mikononi mwa Waingereza. Ingefikaje Shume? Wakati ule sikuwa na akili ya kuliuliza hilo. Nilikuwa namtazama tembo tu.

Babu alitoa masharti mawili. Hakuna kuvuka njia ya mpaka kuingia msitu wa serikali, kwani kuchimba huko bila kibali ni kosa. Na kila shimo lifukiwe siku hiyohiyo, kwa sababu ng'ombe wake hawana macho ya usiku.

Tukaanza. Mjomba alivaa visikilizio masikioni, akapepea sahani ya mashine juu ya ardhi taratibu kama mtu anayefagia, nami nikamfuata na kibeleshi. Mashine ya dhahabu haichagui sana. Ikikuta msumari inalia, ikikuta kifuniko cha soda inalia. Siku mbili tulitoa misumari mikubwa ya mbao, vipande vya waya mnene wa kusokotwa, mkebe uliooza, jembe lililobaki nusu. Mjomba alikuwa akikitazama kila kimoja mara moja, kisha anakitupa kichakani.

Ule waya ndio ungetuambia tuko wapi, kama tungekuwa tunasikiliza. Wajerumani walipaita mahali pale Neu-Hornow. Walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na magogo ya mtarakwa yalining'inizwa kwenye nyaya na kuteremshwa ukingo wa mlima mpaka stesheni ya Mkumbara, chini kwenye reli ya Tanga. Walikata sana. Mtarakwa hauozi upesi, ndiyo maana kwenye shamba la babu kilikuwapo kisiki kipana ambacho watu walikikuta na hakuna aliyekumbuka mti wake.

Siku ya tatu jioni, hatua mbili kutoka kwenye kisiki hicho, mjomba akasimama. Akarudisha sahani, akaipeleka tena. Akanivisha visikilizio. Ilikuwa sauti ndogo, fupi, safi, haikukwaruza kama ya misumari. Nikachimba kwa mkono. Kwenye kina cha kiganja na kifundo nikashika kitu bapa, chembamba, cha kijani kibichi kama kutu ya sufuria ya shaba.

Nikakisugua kwenye suruali. Kosa. Sarafu iliyokaa udongoni haisuguliwi. Ile ngozi ya kijani ndiyo inayoitunza, na mkwaruzo wangu upo mpaka leo. Lakini hapo ndipo taji lilipojitokeza, na chini yake mwaka: 1911. Upande wa pili, namba 1 na neno HELLER.

Mjomba aliigeuza mara mbili. "Shaba," akasema, akanirudishia. Mvua ikaanza, tukakimbilia nyumbani.

Babu alikuwa anakula makande. Nilimwamkia, nikamwekea ile sarafu mkononi. Akaisogeza karibu na kibatari, akaacha kula.

"Mmeitoa wapi?"

"Pale kwenye kisiki, babu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hela."

Nilidhani anazungumzia pesa. Maisha yangu yote hela ilikuwa pesa yoyote, ya nauli, ya daftari. Sikuwahi kufikiri kwamba hela ilikuwa kitu kimoja chenye umbo, kinachoweza kudondoka.

"Haina thamani, Baba," mjomba akasema. "Ingekuwa rupia ya fedha ningepata mtu Tanga."

Babu hakumjibu. Alianza kutueleza habari za baba yake, ambazo hata mjomba alikuwa hajazisikia zote. Kila mwanamume alipewa karatasi, akasema, na karatasi ilidai siku 30 za kazi kwa mzungu. Miezi minne ikiisha, siku hazijatimia, unapelekwa kufanya kazi za serikali. (Miaka baadaye nilisoma kwamba utaratibu huo ulianza wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, mwaka 1907.) Baba yake alizitimiza siku zake humuhumu Shume, kwenye magogo. Walikuwa wakikaa juu ya visiki kula. Ujira wake aliufunga fundo kwenye pindo la shuka, na usiku alilala ameushika.

"Ili anunue nini?" nikauliza.

"Anunue? Alipe kodi. Rupia tatu kwa mwaka." Akanitazama. "Wewe unasoma. Rupia moja ilikuwa hela mia. Rupia tatu hela ngapi?"

"Mia tatu, babu."

"Basi aliyeketi pale alirudi kwake ana mia mbili tisini na tisa."

Moto ulikuwa unafifia, hakuna aliyeuchochea. Nilimwona mtu amepiga magoti penye giza la msitu, anapapasa majani, anarudia palepale alipokwisha kupapasa, wenzake wanamwita waondoke.

"Alikuwa yeye?" mjomba akauliza. Sauti yake haikuwa ile ya mchana.

"Nitajuaje, mwanangu. Kama si yeye, ni mwenzake."

Babu akaifunga ile hela kwenye ncha ya leso, fundo mbili, akaitia kifuani ndani ya sweta. Akauliza kama shimo tumelifukia. Nikainamisha kichwa. Mjomba akainuka, akachukua kibeleshi nyuma ya mlango na tochi, akatoka mvuani peke yake.