Peugeot 404 ya Mzee Imepata Dereva Mpya

Habari kubwa ya klabu yetu ya magari ya kale mwezi huu ni kwamba Mzee, mmoja wa waasisi, amekabidhi funguo za Peugeot 404 yake. Macho hayamruhusu tena kuendesha, na uamuzi huo ameufanya mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Gari lile limeulizwa sana kwa miaka mingi. Wapo waliomjia Mzee na maneno matamu, na wapo waliotaka kuliweka kwenye ukumbi wa maonyesho, lisikanyage lami tena. Hakumpa hata mmoja wao. Amempa binti aliyejiunga nasi akiwa hajui plagi inakaa wapi, lakini kila siku ya gereji alikuwa wa kwanza kuvaa ovaroli na wa mwisho kunawa mikono.

Kuna wanachama walionung'unika. Walisema gari la thamani vile lilistahili kwenda kwa mtu mwenye gereji yake, mwenye nafasi, mwenye uzoefu. Mimi naona Mzee amepiga hesabu vizuri kuliko sisi sote, na nataka kueleza kwa nini.

Wasioijua 404 niwaambie kidogo. Ilianza kutengenezwa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina, kampuni ya Kiitaliano ya kubuni magari: mistari iliyonyooka, na kule nyuma zile pembe mbili zilizochongoka zinazoitambulisha hata ukiiona kwa mbali. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Gia iko kwenye usukani. Feni inajikata yenyewe injini ikiwa haijapata joto la kutosha, jambo lililokuwa la kisasa sana wakati ule. Na iliposhinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, dunia nzima ilijua kwamba ni gari linalovumilia mawe na matope. Mzee mwenyewe hayo huyasema kwa kupita tu. Anachopenda kukuonyesha ni lile tundu la mbele la kuchomekea hendeli. Betri ikifa, unashuka, unazungusha kwa mkono, gari linawaka, mnaendelea na safari.

Siku ya makabidhiano hakukuwa na hotuba. Mzee alikaa kwenye kiti kidogo karibu na bampa, mikono magotini, akamwambia binti afungue distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Binti akavua kofia ya distribyuta, akachomoa rota, akamwomba mwenzetu mmoja azungushe hendeli. Taratibu, taratibu, mpaka nundu ya kamu ikazisukuma pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyounga na kukata umeme, zikaachana kabisa. Akapitisha katikati jani la fila geji, kile kipimo cha bati jembamba, milimita 0.4.

"Usitumie macho," Mzee akamwambia. "Sikiliza vidole."

Jani linatakiwa lipite huku likikwaruza kidogo. Likipita bure, nafasi ni kubwa. Likigoma, ni ndogo. Akalegeza skrubu, akasogeza kwa bisibisi, akakaza. Kule kukaza kukahamisha kila kitu, na mtu yeyote aliyewahi kuzishika pointi anajua uchungu huo. Akaanza upya. Hakuna aliyemharakisha. Alipofunga kofia na kuwasha, injini ilishika mara moja, ikatulia.

Hapo Mzee akaomba bisibisi ndefu. Akaegemeza ncha yake juu ya injini inayounguruma, mpini akauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine. Kisha akampa binti ile bisibisi bila kusema alichokisikia. Binti akainama, akasikiliza muda mrefu kuliko alivyosikiliza Mzee, akarudi mahali pamoja mara kadhaa.

"Ya tatu," akasema. "Valvu inagonga kidogo."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Funguo zilikuwa mfukoni mwake muda wote. Akazitoa, akampa, pamoja na daftari. Ndani ya daftari lile kuna kila badiliko la oili, kila balbu iliyoungua, kila mpira wa breki, kwa kalamu za rangi tofauti na mwandiko unaozidi kutetemeka kadiri kurasa zinavyosonga.

Tangu siku ile nawaza sana juu ya kinachokufa kwenye hobi yetu. Tunazungumza mno juu ya kutu. Tunazungumza juu ya spea zisizopatikana. Lakini kutu inakatwa, chuma kinachomelewa, na spea nyingi siku hizi zinatengenezwa upya kwa sababu wapenzi wa magari wapo duniani kote. Ujuzi wa sikio na vidole hautengenezwi kiwandani. Kitabu cha matengenezo kitakuambia nafasi ya pointi ni ngapi. Hakitakuambia valvu iliyolegea inasikikaje kupitia mpini wa bisibisi. Hilo linatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na likikosa wa kulipokea, limekwenda. Ndiyo maana nasema Mzee hakutafuta tajiri wala mtu mwenye gereji kubwa. Alitafuta sikio.

Na kwa msingi huohuo natoa maoni yangu juu ya ubishi uliotokea kwenye mkutano wetu, ambao bado unaendelea kwenye simu zetu. Kijana mmoja amekuja na Toyota Corolla ya 1992 akiomba kujiunga. Safi kabisa, viti vya awali, hata kile kitabu cha kiwandani kimo kwenye kidroo cha dashibodi. Baadhi ya wakubwa wakasema, hii si gari la kale, hii ni gari la juzi. Naheshimu wakubwa wangu, lakini hapa siko nao. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa 1966, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali sahihi ya asili yake, na likiwa halitumiki tena kwa shughuli za kila siku. Corolla ile inatimiza yote. Umri unatuuma kwa sababu tunayakumbuka magari haya yakiwa mapya, na hilo si kosa la gari.

Zaidi ya hapo, kijana yule anajua mambo ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeyajua. Magari ya miaka ile ya mwisho ya karne iliyopita yana kompyuta za injini, na ndani ya kompyuta hizo kuna kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, ambazo zikizeeka huvuja maji yake na kula njia za umeme kwenye bodi. Bisibisi sikioni haitakusaidia hapo. Alitufungulia kisanduku kimoja kibovu alichokuja nacho, akatuonyesha doa dogo la kahawia pembeni ya kapasita iliyovimba kichwani. Akaeleza namna ya kuing'oa kwa moto wa lehemu, kusafisha uchafu, na kuweka nyingine. Mzee mwenyewe, licha ya macho yake, alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Miaka 20 ijayo watu watahangaika kumtafuta anayejua kazi hiyo, sawa na tunavyomtafuta leo anayejua kabureta. Tukimfungia mlango kijana huyu, tunafunga sikio la kesho.

Suala la pili la mkutano lilikuwa zito zaidi. Mwenzetu mwenye Volkswagen Beetle anataka kutoa injini na kuweka mota ya umeme. Gari lake, uamuzi wake, na sababu zake nazielewa: moshi, kelele, na kuchoka kulala chini ya gari. FIVA haikatazi mtu kufanya hivyo, ila msimamo wake ni kwamba gari lililogeuzwa namna hiyo haliwi tena la kihistoria, na inashauri mabadiliko yafanywe kwa namna inayoweza kurudishwa, yaandikwe, na vipuri vya awali vihifadhiwe. Nimemwomba afuate angalau hilo. Injini ile iliyopozwa kwa hewa, isiyo na rejeta wala tone la maji, ndiyo roho ya Beetle. Walitengeneza zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, na kwa sababu ya wingi huo watu hudhani hazitaisha. Magari mengi yaliyokuwa kila kona yametoweka hivyohivyo, kila mtu akidhani jirani amehifadhi moja. Injini hiyo aipake grisi, aifunge vizuri, aiweke mahali pakavu. Atakayekuja baada yake aikute.

Mafuta nayo yalijadiliwa, kifupi. Petroli yenye madini ya risasi ilikoma kabisa kuuzwa kwa magari ya barabarani duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuacha, na afya ya watoto imepata nafuu ambayo hakuna mpenzi wa gari anayepaswa kuinung'unikia. Ila risasi ile ilikuwa ikiacha utando uliokinga makalio ya valvu, yaani mahali valvu inapokaa ikifunga, na injini za zamani zenye kichwa cha chuma cha kusubu, Morris Minor ikiwemo, huliwa makalio hayo polepole zikikimbizwa kwa mwendo mkali. Mwenzetu mwenye Minor amepeleka kichwa kwa fundi wa mashine, kimewekewa makalio ya chuma kigumu, na sasa anaendesha bila wasiwasi. Wenye mipira ya mafuta ya zamani wakague pia: etanoli, pale inapochanganywa kwenye petroli ya siku hizi, inailainisha na kuipasua, na mpira uliopasuka juu ya injini ya moto ni gari lililoungua.

Habari nyingine: mweka hazina ameendelea kwa kipindi kingine, bila mpinzani, na tunamshukuru. Rejista ya spea imeanza kupangwa upya. Mwenzetu aliyekuwa amelazwa ametoka, anaendelea vizuri, na anauliza habari za Land Rover yake kila anapopigiwa simu. Chesisi imekamilika kuchomelewa, mwambieni.

Binti ameshaiendesha 404 na msafara. Nilikuwa nyuma yake. Anabadilisha gia ya usukani kwa utulivu ambao wengine wetu ulituchukua muda mrefu kuupata, na kwenye mteremko anashusha gia mapema badala ya kuchosha breki. Mzee alikaa kiti cha abiria. Njiani walisimama, nikadhani kuna tatizo, nikasimama pia. Walikuwa wamezima injini wakibishana juu ya mlio fulani wa ekseli ya nyuma, kila mmoja akishikilia lake, na hakuna aliyeniangalia.

Siku ya gereji ijayo tutafungua kabureta tatu na kurekebisha ile valvu ya silinda ya tatu. Kijana wa Corolla anakuja na lehemu yake. Mwenye kompyuta ya injini iliyokufa aje nayo. Mlango utafunguliwa asubuhi mapema kwa sababu valvu za 404 hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo italala hapo usiku wa kuamkia siku hiyo na mtu yeyote asiiwashe.