Bodi yangu ya ATmega328P: toleo la tatu ndilo lililotulia

Mchoro wa saketi haujabadilika sana tangu mwanzo: ATmega328P (chipu ndogo inayoendesha programu) ya miguu 28 kwenye soketi, kristali ya 16 MHz inayoipa mapigo ya saa na kapasita zake mbili za 22 pF, rezista ya 10k kutoka mguu wa 1, ambao ni wa riseti (kuanzisha programu upya), hadi 5 V ili usielee bila volti maalumu. Vyote nilivipata Luthuli Avenue, Nairobi. Kilichonisumbua ni wapi nikiweke kila kipande.

Toleo la kwanza liliwasha LED vizuri, lakini kila relei (swichi inayoendeshwa na koili) ilipolia "tak", programu ilianza upya. Kapasita ya 100 nF ilikuwa moja tu, sentimita 6 kutoka kwenye chipu, na graundi (upande wa 0 V) ilikuwa uzi mwembamba uliozunguka bodi nzima. Chipu huvuta umeme kwa mishtuko mifupi mno. Kapasita ya mbali haiwahi. Sasa ninazo tatu: ya kwanza iko kati ya mguu wa 7 na wa 8, ya pili kati ya 20 na 22, na ya tatu kutoka 21 hadi graundi. Mguu wa 20 lazima upate 5 V hata kama husomi analogi. Shaba isiyo na kazi yote naiacha iwe graundi, na koili ya relei naivalisha dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya.

Mchoro wa njia nauhamishia kwenye shaba kwa printa ya leza, karatasi ya gazeti lenye kung'aa na pasi kavu. Upande wa chini wa shaba usiugeuze kwenye kompyuta, karatasi itaugeuza yenyewe. Niliugeuza mara moja, nikapata bodi safi kabisa ya chipu iliyopinduka. Njia za ishara nazichora 0.8 mm, chini ya 0.4 feri kloridi (kemikali inayokula shaba isiyohitajika) inazila pembeni. Tumia beseni la plastiki, na maji yaliyotumika usiyamwage kwenye sinki.

Reguleta ya 7805, inayoshusha umeme hadi 5 V, inafaa, ila ukiilisha 12 V na bodi ivute 100 mA, inapoteza 0.7 W kama joto. Mimi naipa 9 V.

Ukinunua chipu, soma maandishi kwa tochi. ATmega328 isiyo na P ina saini (namba ya utambulisho) 0x1E9514, na avrdude, programu ya kuandikia chipu, inayotarajia 0x1E950F itakataa. Chipu mpya kabisa nayo haina butiloda (programu ndogo inayopokea programu nyingine): naiandikia kwa bodi ya Arduino Uno, huku kapasita ya 10 µF ikiwa kati ya riseti ya Uno na graundi ili isijiwashe upya katikati ya kazi.

Kapasita ya 100 nF kati ya DTR (waya wa kigeuzi cha USB unaoiambia chipu ianze upya) na mguu wa 1 usiisahau. Bila hiyo utakuwa unabonyeza kitufe cha riseti kwa kubahatisha kila unapopakia programu.

Kabla ya kuchomeka chipu napima soketi tupu kwa multimita: mguu wa 7 na wa 8 vioneshe 5 V, wa 20 na wa 22 vivyo hivyo.