Ruka tu

Nimekaa siku sita nikisema sitaandika hii kitu, haya basi naandika. Jumamosi mazoezini ya bendi tumefika pale mwishoni baritoni, hii saksafoni yangu kubwa ya sauti nene, inapopanda, nikapiga noti ya A ya juu ikaanguka, ikatoka ile ya chini na mkoromo kama ng'ombe amekabwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee wetu anayeongoza bendi akashusha fimbo. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema taratibu, "Mama Baraka, hizo za juu ruka tu. Mwenye saksafoni ndogo, alto, atazibeba."

Na mimi nikajibu, "Sawa afande."

Sawa afande! Hapo ndipo panauma kuliko yeye alivyosema. Sisi watoto wa kambini hilo neno tumelinyonya na maziwa. Ningeweza kusema mzee nipe wiki moja, ningesema hii saksafoni ina kitu, lakini wapi. Nimepima vitenge dukani na hiyo "ruka tu", nimeosha vyombo nayo, Jumanne dada kajifungua mapacha, wote wazima, sasa ni Nalongo, mama wa mapacha, na mimi niko pale wodini nimembeba mmoja kichwani ni ruka tu, ruka tu. Miaka tisa nabeba hiki chuma kwenye boda kutoka Walukuba, hapa Jinja, mvua na jua! Harry Carney alikaa na baritoni yake kwenye bendi ya jazi ya Duke Ellington kule Marekani zaidi ya miaka 40, sijui nani angethubutu kumwambia aruke.

Nilianza kwa kujilaumu mwenyewe, kama kawaida yangu. Nikasema labda nang'ata, maana ukiiogopa noti unabana taya na ridi, kale kaulimi ka mwanzi ka mdomoni, inakosa pa kutetemekea. Nikalegeza, wapi. Nikaweka ridi ngumu zaidi, namba 3, nikaambulia kidonda ndani ya mdomo. Nikamwaga maji ya ule mkunjo wa juu, maana bomba la baritoni ni refu mpaka wamelikunja na mate yote yanajikusanya huko yanagugumia, yakatoka mengi lakini A ni ile ile. Jumatano umeme ukakatika nikaona poa, giza ndilo nililokuwa nalitaka, nikashusha zile taa za Krismasi za betri mpaka ndani ya bomba, nikafunga funguo zote nikazunguka nikitafuta pedi, vile vifuniko vya matundu, inayovuja mwanga. Hakuna hata moja. Baraka ananiangalia tu kama mama yake amechanganyikiwa.

Halafu alfajiri nimelala macho ndiyo ikanijia, mbona D mpaka G za juu zinatoka safi kabisa? Zinaanguka kuanzia A tu, mpaka C. Sasa ufunguo wa oktavu, ule wa kupandisha noti juu, kwa dole gumba ni mmoja lakini vitundu ni viwili. Cha chini kipo kwenye mwili, ndicho kinachofunguka kuanzia D mpaka G shapu, ukifika A hicho kinajifunga chenyewe na cha shingoni kinafunguka. Kwa hiyo taya langu halina kosa! Nikachomoa shingo, nikamulika na simu. Kitundu chenyewe punje ya mtama inakiziba, na hicho changu kilikuwa kimejaa uchafu wa kijani, mate ya miaka na vumbi. Adolphe Sax aliyeibuni saksafoni, alipoiandikisha hii ala Paris mwaka 1846 hakuwaza vumbi la Jinja wakati wa kiangazi.

Sindano niliiogopa, inakwaruza. Nikadondoshea maji ya vuguvugu, nikaenda bandani nikaokota unyoya wa kuku, nikauchonga, nikausukuma ndani taratibu ukatoka na donge.

A ikapanda. Jamani ikapanda! Nikaenda B, nikaenda C, nikarudi, saa kumi na mbili asubuhi, jirani anagonga ukuta, Baraka ametoka na shuka mwilini anasema mama imelia, nikambeba na mgongo wangu huu.

Leo mchana hasira imeisha, sijui imekwenda wapi. Nimekumbuka mzee mwenyewe aliacha tarumbeta meno ya mbele yalipotoka, akashika fimbo. Sijui yeye alielezwa na nani. Na yule kijana wa alto ameshajifunza zile noti zangu wiki nzima, jana kanitumia sauti yake kwa simu anauliza, "Anti, niko sawa?" na yuko sawa kweli, nitamwambiaje azirudishe? Bado sijamjibu, na kesho ni mazoezi.

Baba Baraka amepata uhamisho wa Gulu, hilo tutaliongea siku nyingine.

Ila kuna kitu kinanisumbua tangu asubuhi. Leo tarehe 9 na mwenye nyumba hajaja kuchukua kodi. Huwa anakuja tarehe 5 kabla hata hatujanywa chai. Nimempigia mara mbili, simu inaita tu.