Nilivyoomba nafasi PROMYS

Programu za majira ya joto za wanafunzi wa sekondari ziko tele, na nyingi, ukweli usemwe, zinachotaka ni ada. Mwenye kulipa anaingia. Mimi nilikuwa nazisaka zile chache zenye mchujo mkali ambazo ukosefu wa pesa haukufungii mlango. RSI, programu iliyoanza 1984 na inayofanyika chuo cha MIT huko Marekani, haitozi ada kabisa, ila imeegemea utafiti wa sayansi, na mimi ugonjwa wangu ni hesabu. Zikabaki mbili za hesabu, za huko huko Marekani: Ross, ambayo mwanahisabati Arnold Ross aliianzisha 1957, na PROMYS ya Chuo Kikuu cha Boston. Zote mbili ni wiki sita za kuzama kwenye nadharia ya namba, tawi la hesabu linalochunguza tabia za namba nzima. Nikaangukia PROMYS.

Ukiacha matokeo ya shule na barua ya mwalimu, wanakupa maswali uyafanye nyumbani, peke yako, bila kuuliza mtu wala kuchungulia mtandaoni. Hakuna msimamizi, hakuna kengele. Maswali yenyewe si vizuri kuyaanika, kwa hiyo nachukua mfano mwingine wa aina hiyo hiyo: ni namba zipi zinazoweza kuandikwa kama jumla ya namba nzima chanya zinazofuatana, mbili au zaidi?

Mtu wa mitihani atatafuta kanuni. Hapa kanuni haipo, unaanza kuchafua karatasi. 7 ni 3 + 4. 9 ni 4 + 5. 15 inakubali kwa njia tatu: 7 + 8, 4 + 5 + 6, na 1 + 2 + 3 + 4 + 5. Lakini 2 inagoma, 4 inagoma, 8 inagoma, 16 nayo. Hapo unaanza kunusa kitu: vipeo vya 2, yaani namba unazopata kwa kuzidisha 2 tupu, havikubali. Kunusa si kuthibitisha, na kazi ndiyo inaanza. Jumla ya namba zinazofuatana, ukiizidisha kwa 2, ni sawa na idadi yake mara ya kwanza kujumlisha ya mwisho. Idadi ikiwa shufwa, ya kwanza na ya mwisho zikijumlishwa zinatoa witiri. Idadi ikiwa witiri, zinatoa shufwa. Kwa vyovyote witiri kubwa kuliko 1 imo ndani, na kipeo cha 2 hakigawanyiki kwa witiri ya namna hiyo. Basi.

Je, namba nyingine zote zinakubali? Witiri kuanzia 3 ni rahisi, unagawa katikati. Shufwa zilizobaki, kama 12 ambayo ni 3 + 4 + 5, ndizo zinazosumbua. Kwenye maswali yangu nilikwama mahali pa namna hiyo, na sikuficha. Niliandika: hapa nimethibitisha, hapa nakisia tu, na hii njia niliijaribu ikafa kwa sababu hii. Nadhani kurasa hizo za kukwama zilisema mengi kunihusu kuliko zile safi, maana msomaji aliona ninavyofikiri jibu likinikimbia.

Barua nayo ina kazi yake. Nilimfuata mwalimu wangu wa hesabu mapema.

“Mwalimu, shikamoo. Naomba uniandikie barua ya kuniombea nafasi.”

“Marahaba. Niandike nini, kwamba una alama nzuri? Hizo watazikuta kwenye matokeo.”

Akataka nimpelekee daftari la maswali niliyokuwa nahangaika nayo nje ya silabasi. Barua sikuisoma, na sikutakiwa kuisoma, lakini alikuwa na cha kuandika.

Insha niliandika jioni moja, sina mengi ya kusema juu yake. Fomu ya msaada wa fedha ndiyo ilinitoa jasho. Inauliza mapato ya familia, na mama alipendekeza tuyapambe kidogo tusionekane maskini mno. Nikamwambia, “Mama, hapa anayejipamba anajinyima mwenyewe.” Akacheka, akaenda kuleta karatasi zake zote. Tuliijaza kama hali ilivyo, na kipato kinachopanda na kushuka tukakieleza kwa sentensi chache.

Majibu yalikuja kwa baruapepe: nimekubaliwa, na msaada umetosha kiasi cha mzigo wetu kubaki nauli. Siku hiyo hiyo nikaanza kukusanya karatasi za viza, kwa sababu foleni ya miadi ubalozini haijali kwamba unajua kuthibitisha jambo lolote.